Nyaya Mbili Chini ya Kiti

Mimi ndiye niliyeyapokea matrekta yale matano ya kijivu, na mimi ndiye niliyetia saini kwamba ni mazima. Naanza na hilo ili asije mtu akanihurumia huko mbele.

Yalishushwa kwenye lori mwezi wa Machi, viti bado vimefungwa nailoni, yananukia rangi mpya. Kazi yangu pale kwa Royce Haddow, anayeuza matrekta hapa Wirrabin, mji wetu mdogo wa wakulima wa ngano, ilikuwa kukagua kila trekta jipya kabla halijaenda shambani. Nimeifanya miaka ishirini na sita. Unakaza nati, unapima mafuta, unawasha, unaliendesha uani, halafu unajaza karatasi ya ukaguzi yenye mistari mia na kumi. Zamani ilikuwa kazi ya kuringa tu, kwa sababu waliotengeneza walikuwa wametengeneza. Siku hizi naletewa trekta linalojua kujiendesha lenyewe kwa setilaiti, nafungua boneti, nakuta nati zimekazwa kwa vidole, mpira wa mafuta unasuguana na chuma, na rangi imepakwa juu ya kutu. Aliyeliunga alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani kwake.

Kwa kila moja ya yale matano nilijaza ukurasa mzima wa kasoro. Moja ilikuwa mkono wa gia. Ukiuweka frii, pasipo gia, ulikaa, lakini ulikaa kwa kusitasita, kwa sababu kile kijino cha ndani kinachoushika kilikuwa kimechongwa kifupi. Injini ikiunguruma muda mrefu, mtikisiko ungeweza kuutelezesha polepole mpaka ukaingia gia ya mbele. Nilimwonyesha Royce. Royce ni mtu mwema, na wema wake ndio ubaya wake, maana hapendi kumuudhi mtu yeyote. Akasema kiwanda kitaleta vijino vipya, wakulima wameshaanza kuuliza, na isitoshe mtu akiinuka tu kitini breki inajikaza yenyewe, kwa hiyo hofu ya nini.

Alisema kweli. Matrekta haya hayana mkono wa breki wa kuvuta. Chini ya kiti kuna swichi. Ukiketi inajua umeketi, ukiinuka inajua umeinuka, na papo hapo breki inashika. Nikachukua kalamu nikaweka tiki.

Kasoro ya pili ilikuwa swichi hiyohiyo, na hiyo sikuiona uani kwa sababu uani hakuna matuta. Plagi yake ilikuwa imelegea. Vumbi likiingia na trekta likiruka kidogo, mashine inadhani kitini hakuna mtu. Inakaza breki, inazima injini, halafu inachukua dakika nne kujikagua kabla haijakubali kuwaka tena. Mvua ya kwanza iliponyesha mwishoni mwa Aprili na watu wakaingia mashambani kupanda ngano, matrekta yote matano yakaanza kuzimika kila baada ya dakika kumi. Hapa kwetu udongo unashika unyevu kwa siku za kuhesabu. Ukichelewa kupanda, mwaka wako umekwisha kabla haujaanza.

Clive Tunney alikuwa na shamba upande wa kaskazini, ngano na kondoo wachache, yeye na mkewe Noeleen peke yao. Alikuwa na miaka sitini na moja na alikuwa mtani wangu. Msimu wa kupanda kila mkulima anashinda peke yake ndani ya kibanda cha trekta, na kinachowaunganisha ni redio ya upepo ya kusemezana, chaneli moja kwa wilaya nzima. Clive ndiye aliyekuwa akiitawala chaneli hiyo. Alisimulia kilichopikwa kwake, alikosoa mistari ya jirani iliyopinda, alitangaza matokeo ya mpira yaliyokwishatangazwa. Watu walimlalamikia, na siku akinyamaza walipiga simu nyumbani kuuliza kama ni mzima.

Alinipigia katika wiki ya pili ya kupanda. Nilikuwa nimelala chini ya mashine ya mtu mwingine, mikono imejaa oili, simu nimeibana kwa bega, na wengine watatu walikuwa wananitafuta.

"Marwick, hii takataka yako imenizimikia mara kumi na moja tangu asubuhi," akasema. "Wewe ni fundi au ni mganga? Maana ukija inapona, ukigeuza mgongo inaugua."

Nikamwambia plagi mpya zimeagizwa ng'ambo, wiki sita. Akanyamaza, na kunyamaza kwa Clive kulinisumbua kuliko matusi. Akasema baada ya wiki sita atakuwa amepanda magugu. Ndipo nikamwambia. Nilimwambia ang'oe ile plagi chini ya kiti, akate, aunge waya wa njano na waya wa kahawia, azungushie tepu. Trekta litaamini ameketi siku zote, na halitazima tena.

"Haina neno?" akauliza.

"Haina neno. Ila usiseme nimekwambia mimi. Royce atanitoa mbio."

Akacheka, akasema mdomo wake ni kaburi. Ule mkono wa gia haukunijia kichwani. Nimejiuliza mara nyingi kama ulinijia nikaufukuza, na jibu ni kwamba haukuja kabisa, na sijui lipi lingekuwa baya zaidi. Kasoro mbili, kila moja kwa peke yake ilikuwa usumbufu tu. Niliziandika kwenye karatasi tofauti, na kichwani pia nilikuwa nimeziweka mbalimbali.

Jioni ile nikiwa kwenye pikapu nilimsikia redioni. Alikuwa akiwaita wenye matrekta ya kijivu wakae vizuri darasani, Profesa Tunney anafundisha. Akaeleza yote, plagi, njano, kahawia, tepu. Murray Treloar, jirani yake, akamuuliza amejulia wapi mambo hayo. Clive akajibu kwamba ameyagundua mwenyewe kwa akili zake na kisu cha mfukoni. Wilaya nzima ikacheka. Kufikia giza matrekta matano yalikuwa yanafanya kazi bila kuzimika, simu yangu ikatulia, na mimi, niseme ukweli, nilifurahi.

Siku tisa zilipita. Jumanne, saa nne asubuhi, Clive alisimamisha trekta mbele ya lango la shamba lake la nyuma. Malango yetu ya zamani ni waya na vijiti. Kulifungua lazima ulikumbatie kwa bega, ulivute kwa nguvu, ndipo kitanzi kilegee, na muda wote huo mgongo wako uko kwa trekta. Hakuna anayezima injini kwa ajili ya lango. Unaweka frii, unaruka chini, unafungua, unarudi. Mimi nimefanya hivyo maelfu ya mara, na baba yangu kabla yangu.

Noeleen alikuwa anampelekea chai. Alilikuta trekta limepita katikati ya lango na kukwama kwenye nguzo kubwa ya pembeni, matairi bado yanachimba ardhi. Yeye ndiye aliyepanda akalizima. Mengine sitayasimulia.

Wiki ileile akaja mtu wa kampuni iliyotengeneza matrekta, kutoka jijini, na kamera na viatu safi. Alifungua chini ya kiti, akakuta waya wa njano na wa kahawia zimeungwa kwa tepu, akapiga picha, akaandika kwamba mwenye mali amechezea kifaa cha usalama. Mkono wa gia hakuugusa. Royce akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia mawakili wa kampuni wamesema tusizungumze lolote na mtu yeyote, si la nyaya, si la gia, mpaka mambo yatulie. Nikamuuliza na wale wengine wanne wenye matrekta kama lile je. Akasema nimpe wiki moja.

Niliwapigia wote wanne. Nikawaambia watoe zile nyaya, bila kusema kwa nini hasa. Wote walinijibu kwa namna moja, kwamba watazitoa wakimaliza kupanda. Murray akaongeza kwamba marehemu alikuwa mjuaji, na ujuaji ndio uliomponza. Hilo ndilo lililokuwa likisemwa mjini kote, dukani, kwenye pampu ya mafuta, uwanjani. Clive na mambo yake. Clive na kisu chake. Walilisema kwa upendo, nami nilikuwa nikiitikia kwa kichwa pamoja nao.

Siku ya mazishi Noeleen aliniomba niwe mmoja wa wabeba jeneza, kwa kuwa nilikuwa rafiki. Tulifika mapema, wanaume sita tumesimama mlangoni mwa kanisa katika suti zinazotubana. Noeleen alikuwa ndani peke yake na jeneza. Alipotoka alinijia mimi, macho makavu, akanishika mkono wa koti, akanivuta pembeni.

"Unajua nimefanya nini sasa hivi, Marwick? Nimemtukana. Nimeinama nikamwambia, mpumbavu wewe, miaka thelathini na nne nakwambia acha kujifanya fundi, sasa umeniacha peke yangu kwa ajili ya tepu na kisu. Nimemtukana mume wangu ndani ya sanduku."

Nilikuwa na nafasi. Hakuna aliyekuwa karibu. Nikamwambia, "Pole sana, Noeleen." Halafu tukaingia, tukalibeba, nami nilikuwa upande wa kichwa.

Wirrabin kuna desturi, na naipenda kuliko kitu chochote cha mji huu. Mkulima akifa au akiumia katikati ya kupanda, majirani wanaacha mashamba yao siku moja na kuja na matrekta yote kummalizia lake. Hakuna anayeitisha mkutano. Mmoja anasema Jumamosi, na Jumamosi watu wanafika. Kwa Clive walikuja na matrekta kumi na matatu. Mechi ya mpira iliahirishwa kwa sababu timu nzima ilikuwa shambani. Mvua ilikuwa inatarajiwa kesho yake na zilibaki hekta mia sita. Wanawake walipanga meza mbele ya banda la mashine, mkate na nyama ya kondoo, keki, chai kwenye birika kubwa la klabu ya mpira, na Noeleen alikuwa katikati yao anakata mikate. Karibu na meza kulikuwa na pikapu ya Clive, redio yake imefunguliwa kwa sauti ya juu ili wajue nani anakuja kula.

Mimi nilikuja na vifaa vyangu, kama kawaida, kuangalia mashine zisisimame. Manne kati ya yale kumi na matatu yalikuwa ya kijivu. Ndiyo yaliyokuwa makubwa kuliko yote, na ndiyo yaliyovuta mashine pana za kupandia. Siku ile nusu ya kazi ilikuwa juu yao.

Saa saba mchana Murray alifika kwenye lango lile la nyuma. Walikuwa wamelifunga upya kwa kamba na waya mpya. Aliweka frii, akaruka chini, akaliendea lango, akalikumbatia kwa bega. Mimi nilikuwa hatua kama thelathini, nakaza mnyororo wa mashine nyingine. Nikaliona trekta linasogea. Halikusogea sana, urefu wa mtu mmoja hivi, taratibu, kisha gurudumu likagota kwenye jiwe likasimama, injini ikakoroma. Murray akageuka, akaruka pembeni, akapanda mbio akauvuta mkono wa gia.

Nilipomfikia alikuwa anacheka, lakini midomo ilikuwa myeupe. Akasema labda hakuiweka frii sawasawa. Nikamwambia azime sasa hivi tutoe zile nyaya.

"Tukitoa litasimama kila dakika kumi, na wewe unajua," akasema. "Kesho mvua. Unataka nimwambie Noeleen nini? Clive aliruka chini bila kuangalia, Mungu amrehemu. Mimi nina macho."

"Murray, umeona lilivyosogea."

"Nimeona. Na nimeliwahi. Jumatatu njoo nyumbani tutoe, nitakupa na bia. Sasa nipishe."

Akapita langoni, akaendelea. Nikabaki nimesimama pale, na pembeni yangu ilikuwa ile nguzo, bado ina rangi ya kijivu pale boneti ilipoipiga. Niliwaza kwamba kabla ya jioni matrekta yale manne yatapita malango pengine mara ishirini. Niliwaza shamba la Noeleen, kwamba nikifungua mdomo halitaisha. Niliwaza kazi yangu na Royce, na ndiyo, niliwaza jela. Lakini kilichonikera kuliko vyote ni kile alichosema Murray, kwamba Clive hakuangalia. Clive alikuwa anafunguliwa mashtaka kila siku, na shahidi wake alikuwa mimi, na nilikuwa nakula keki.

Nikaingia kwenye pikapu yangu nikachukua kipaza sauti cha redio.

"Marwick hapa. Wenye matrekta ya kijivu, simameni mlipo. Usiinuke kitini kabla hujazima injini. Mkono wa gia unateleza wenyewe ukiwa frii. Nimelijua hilo tangu Machi na nikatia saini. Breki ya kiti ndiyo iliyokuwa inawalinda, na zile nyaya mbili zimeiua. Na jingine. Clive hakugundua kitu. Mimi ndiye niliyemwambia aunge. Aliniuliza kama haina neno, nikamwambia haina neno. Nikamwambia asinitaje, na hakunitaja."

Kisha ikaja sauti ya Dot Ferrante, mwanamke mwenye shamba la shayiri kusini mwa mji, naye alikuwa kwenye moja ya yale ya kijivu.

"Rudia," akasema.

Nikarudia yote, neno kwa neno. Nilipomaliza nikasikia injini moja inazimwa, kisha ya pili upande wa mtoni, kisha ya Murray, kisha ya mwisho. Vumbi lao likaendelea kwenda mbele peke yake. Murray alishuka, akaja kwa miguu mpaka dirishani kwangu, na nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Alinitazama tu, akatema mate chini, akaenda kupanda kwenye trekta kuukuu la jirani mwingine ili ampokee usukani.

Simu ya Royce iliita mara sita. Jumatatu niliwaandikia watu wa serikali wa usalama kazini kila kitu, na Jumanne nilirudisha funguo za gereji, lakini hayo ni madogo. Mchana ule nilikwenda kwenye kila trekta la kijivu nikakata zile nyaya kwa mikono yangu ili yasiwake tena, yakabaki yamesimama katikati ya shamba kama ng'ombe wagonjwa. Yale tisa ya zamani yaliendelea peke yake. Watu walikula zamu kwa zamu, na Noeleen akaendelea kukata mikate na kumimina chai. Hakuangalia upande wangu. Nilijua amesikia, kwa sababu mtu mmoja alikuwa ameizima ile redio ya pikapu.

Mvua haikungoja kesho. Saa kumi na moja jioni ilianza, nyepesi kwanza, kisha udongo ukawa tope na mashine zikashindwa. Zilikuwa zimebaki hekta mia mbili, zote upande wa lango la nyuma. Wanaume waliondoka mmoja mmoja, wakimpa Noeleen mkono. Hakuna aliyeniambia kitu. Nilikaa kwenye pikapu langoni kwa kuwa sikujua pa kwenda.

Alikuja kwa miguu katika mvua, amevaa koti la Clive, kisu cha mkate bado mkononi, nadhani alisahau kukiweka. Nikashuka. Alisimama karibu na ile nguzo, akaitazama kwanza yenyewe, halafu mimi.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Na akakuficha."

"Nilimwomba."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayehakikisha amesikia bei sawasawa. Nilianza kusema samahani, akainua mkono.

"Lile shamba nitaliacha hivyohivyo," akasema. "Mwaka mwingine Mungu akipenda. Kazi yako, gereji, mahakama, hayo utajijua mwenyewe." Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Lakini pale kanisani nilikushika mkono, nikakwambia nilivyomtukana. Jeneza lilikuwa bado ndani, Marwick. Lilikuwa halijatoka. Ungesema pale, ningerudi nikamwomba radhi."

Akageuka akarudi kule mezani kukusanya vikombe.